Sauti ya koko haikuingia



Juma hili niliombwa niandike juu ya kazi za nyumbani za watoto. Naomba mniwie radhi, hiyo nitaiandika juma lijalo. Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mwalimu mzima mwenye diploma ya chuo cha ualimu, kwa sababu nimesikia wengine watatu kati yenu mkisema limewapata pia. Mtu anarekodi kitu muhimu kwenye kompyuta, picha inaonekana vizuri, lakini akirudi kuisikiliza, hakuna sauti. Au sauti iliyopo siyo ile aliyoitaka.

Ilikuwa siku ya Mungu jioni, kipindi cha mvua. Koko wangu, mzaa baba, alikuwa akiishi Lubumbashi kwa baba mdogo. Tulikuwa tumepanga tuzungumze naye kwa video: mimi huku Kadutu, shangazi yangu Uvira, na mdogo wangu aliye Ulaya. Nilikuwa nimeazima kompyuta ya kazini na kununua mega za kutosha. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza koko. Alizaa watoto 9. Kwetu, jina la mtoto halitolewi bure. Linaeleza njaa ya mwaka ule, ugomvi na shemeji, msiba uliotangulia, au shukrani kwa Mungu. Nilitaka atueleze majina yote 9, mmoja mmoja, na kwa nini kila mtoto aliitwa hivyo.

Koko alizungumza kwa saa moja na dakika kumi. Alicheka, alinyamaza kidogo, akaendelea. Mimi nilikuwa nimevaa ekuteri masikioni ili watoto wasiamke, na programu ya kurekodi skrini ilikuwa inaenda. Niliona saa ikihesabu, nikatulia.

Miezi minne baadaye koko alifariki. Siku ya matanga nikafungua ile video mbele ya ndugu. Uso wa koko ulikuwepo, midomo yake ikisogea. Lakini kilichosikika kilikuwa mvua juu ya mabati ya nyumba yangu, kifuniko cha sufuria kilichoanguka jikoni, na sauti yangu mimi nikisema: «Eee, koko!», «Aah, kumbe ndiyo sababu!» Saa nzima nasikia jinsi mimi nilivyoelewa, lakini sisikii nilichoelewa.

Baba mdogo hakunilaumu. Aliniuliza tu: «Sasa mashini ilikuwa inarekodi nini?» Nilitafuta jibu la swali lake kwa miezi kadhaa, na ndilo ninalowaletea.

Radio ya baba na kuku wa jirani

Wale wa umri wangu na wanaonizidi mnakumbuka radio-kaseti. Nyumbani kwetu baba alipenda kurekodi habari na vipindi vya Radio Maendeleo, ambayo iko hapa Bukavu tangu 1993. Alitia kaseti, akabonyeza vitufe viwili pamoja, na kaseti ikachukua kipindi kikiwa safi. Hata mama angepiga kelele jikoni, kelele ile haikuingia, kwa sababu radio na kaseti vilikuwa katika sanduku moja na sauti ilipita ndani kwa ndani.

Jirani yetu alikuwa na radio isiyokuwa na kaseti. Yeye aliazima mashini ndogo ya kurekodi, akaiweka juu ya meza mbele ya radio. Alipata kipindi, lakini pamoja na kuku wake, watoto wake na mtu aliyebisha hodi. Na kama mtu angechomeka waya wa masikioni kwenye radio ile, spika ingenyamaza na mashini ndogo ingerekodi kuku peke yao.

Mimi nilifanya kama jirani, tena na waya masikioni. Kompyuta yangu ilirekodi kwa mikrofoni, au mikro kama tunavyosema kila siku. Mikro inasikia chumba. Sauti ya koko haikufika chumbani hata kidogo, ilitoka ndani ya mashini ikaingia moja kwa moja masikioni mwangu. Mikro ingeisikia wapi?

Milango miwili

Ndani ya kompyuta sauti ni namba. Mara nyingi ni namba 48,000 kwa kila sekunde, zinazoeleza jinsi hewa inavyopaswa kutikisika. Namba hizo hupelekwa kwenye spika au kwenye ekuteri, na hapo ndipo zinapogeuka kuwa sauti tunayoisikia. Programu ya kurekodi inaweza kupewa nakala ya namba hizo kabla hazijafika kwenye spika. Hiyo ndiyo tunaiita sauti ya ndani. Ni sauti ya video, ya somo, ya mtu anayezungumza upande wa pili. Mvua haiwezi kuingia humo, wala grupu la umeme la jirani, wala pikipiki.

Mlango wa pili ni mikro. Humo inapita sauti yako wewe unayeuliza maswali au unayefundisha.

Programu nyingi zina milango yote miwili, lakini siyo zote huifungua yote. Nyingine hufungua mikro peke yake, nyingine sauti ya ndani peke yake. Kwa hiyo kabla ya kurekodi jiulize: nataka sauti ya nani? Ukitaka video ya somo, fungua sauti ya ndani na ufunge mikro. Ukitaka kufundisha huku unaonyesha skrini, fungua mikro. Ukitaka mazungumzo ya watu wawili, fungua yote miwili, nawe uvae ekuteri ili sauti ya mwenzako isiingie mara mbili, kwanza kwa ndani na tena kwa hewa, ikawa kama mwangwi wa kanisani.

Namna ya kufanya kwenye Windows

Kompyuta nyingi tulizo nazo mjini zina Windows 10 au 11. Humo mna kifaa tayari kinachoitwa Game Bar. Kilifanywa kwa ajili ya wacheza michezo, lakini hakiwakatai akina mama. Fungua kwanza dirisha unalotaka kurekodi, kisha bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi G. Angalia kama mikro imefungwa au imefunguliwa, upendavyo. Ukibonyeza Windows, Alt na R kwa pamoja, kinaanza kurekodi; ukirudia, kinasimama. Video utaikuta ndani ya folda ya video. Udhaifu wake ni huu: kinafuata dirisha moja tu, hakirekodi skrini nzima yenye mafaili yako.

Mimi sasa natumia OBS Studio. Ni programu ya bure, ilianza mwaka 2012, na inakubali Windows, Mac na Linux. Ukiifungua mara ya kwanza utaona skrini nyeusi, usiogope. Chini kuna sanduku la vyanzo. Bonyeza alama ya kujumlisha, uchague kuchukua skrini nzima. Pembeni yake utaona mistari ya sauti inayopanda na kushuka kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Mmoja ni wa sauti ya kompyuta, mwingine ni wa mikro. Cheza wimbo wowote: mstari wa kompyuta lazima uruke. Ukiongea, wa mikro uruke. Mstari usioruka unakuambia ukweli mapema, kabla hujapoteza kitu. Ukiona unafika kwenye nyekundu kila mara, punguza, la sivyo sauti itakwaruza.

Wenye mashini za zamani za Windows 7 mjue kwamba OBS kuanzia namba 28, ya mwaka 2022, haizikubali tena. Tafuteni namba 27. Pia katika mashini nyingine za zamani kuna mlango uliofichwa unaoitwa Stereo Mix, ambao ukifunguliwa katika mipangilio ya sauti, sehemu ya kurekodi, huiwezesha programu yoyote kuchukua sauti ya ndani. Kama hauonekani, bonyeza panya upande wa kulia mahali patupu ndani ya sehemu hiyo, uombe kuonyeshwa vifaa vilivyozimwa. Si mashini zote zinao.

Kwa dada zetu wachache wenye Mac: kwa miaka mingi kirekodi chake kilichukua mikro tu, na watu walihitaji programu ya kusaidia, kama BlackHole. Tangu macOS 13 ya mwaka 2022, OBS inaweza kuchukua sauti ya ndani yenyewe.

Jambo moja la kuangalia kwa wote: ukichomeka ekuteri katikati ya kazi, au ukiunganisha zile zisizo na waya, kompyuta inaweza kuhamisha sauti kwenda njia nyingine, na programu ikabaki inasubiri kwenye njia ya kwanza. Vaa ekuteri kwanza, kisha fanya jaribio, kisha anza.

Na kwenye simu?

Wengi wetu hatuna kompyuta, tuna simu. Android iliruhusu programu kuchukua sauti ya ndani kuanzia namba 10, mwaka 2019, na kuanzia namba 11 simu nyingi zina kirekodi chake cha skrini. Unapokianzisha hukuuliza: sauti ya simu, mikro, au vyote viwili? Watu wengi hubonyeza kuanza bila kusoma. Someni.

Lakini hapa kuna mtego unaowakamata wengi. Kirekodi hicho huchukua sauti ya video na ya michezo, ila sauti ya maongezi kama ya WhatsApp imezuiwa na mfumo wenyewe wa simu. Simu haijaharibika. Imefanywa hivyo ili mtu asirekodiwe kwa siri. Kwa hiyo kama unataka kuhifadhi maneno ya mzazi aliye mbali, msipigane na simu. Mwombeni aliye karibu naye arekodi huko huko, kwa ujumbe wa sauti, dakika tano tano, na awatumie. Au wekeni simu kwenye spika na kurekodi kwa simu ya pili, katika chumba kilichofungwa na mvua ikiwa imetulia. Njia hiyo ni ile ile ya jirani na kuku, lakini ni bora kuliko kimya.

Umeme na mega

Nisiandike kana kwamba hatuishi Bukavu. Umeme wa SNEL unakatika bila kuaga, na betri za kompyuta tunazonunua zilizotumika hazidumu. Faili la video la aina ya MP4, likikatwa katikati kabla halijafungwa, mara nyingi halifunguki tena. Katika mipangilio ya OBS chagueni aina ya MKV. Hiyo, hata umeme ukikatika dakika ya 40, dakika 40 zinabaki salama. Baadaye OBS yenyewe inaweza kuigeuza kuwa MP4 bila kuharibu kitu, ili ifunguke kwenye simu za wengine.

Kuhusu mega: si kila mara mwenzako anahitaji picha. Video ya saa moja inaweza kupita mega 1,000. Mkiitoa sauti peke yake na kuibana, kwa mfano kwa programu ya bure ya VLC, saa nzima ya mtu anayezungumza inaweza kuingia katika mega kama 15. Mama anayeuza sambaza Kadutu hawezi kupakua video ya saa moja, lakini mega 15 anaziweza, na atasikiliza huku anapanga bidhaa zake.

Mwezi uliopita tulijaribu jambo hili katika kikundi chetu. Muuguzi mmoja, ndugu ya mwanachama, alitufundisha kutoka mbali dalili za hatari kwa mtoto mchanga: asiponyonya, akipumua haraka mno, akipata homa au akiwa baridi mwilini, akitetemeka kwa degedege. Kila dalili kati ya hizo, alisema, ni ya kumpeleka kituo cha afya mara moja, bila kungoja asubuhi. Akina mama 11 walikuwepo chumbani, wengine waliobaki hawakuweza kufika. Mvua ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Safari hii sikuogopa mabati. Katika faili lile mvua haimo kabisa. Yumo muuguzi tu, neno kwa neno. Siku tatu baadaye mama kijana mmoja ambaye hakuwepo mkutanoni alisikiliza sauti ile usiku, akamtazama mtoto wake aliyekuwa amekataa titi tangu mchana, akamwamsha mume wake wakaenda. Mtoto yuko nyumbani sasa, ananyonya. Sisemi kwamba programu ilimponya. Nasema mama yake alisikia neno kwa wakati wake.

Tuombe ruhusa

Kwa kuwa sasa mnajua namna ya kuchukua sauti ya mtu ikiwa safi, nawaomba jambo moja. Msimrekodi mtu bila kumwambia. Nchi yetu ina kanuni ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini hata pasipo sheria, tunajua tunakoishi. Mwanamke anaweza kueleza mbele ya wenzake kumi jambo ambalo likisikika barabarani litamletea hatari. Uso unaweza kufichwa, lakini sauti watu wanaitambua. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila mkutano tuseme: «Tunarekodi, kuna anayekataa?» Anayekataa akiwa mmoja, tunazima anapozungumza. Na tukubaliane pia nani atatunza faili, nani anaruhusiwa kulituma, na litafutwa lini.

Tena, msiwape watoto wakubwa kazi hii bila kuwaelekeza. Wanajua kubonyeza kuliko sisi, lakini hawajui uzito wa maneno ya watu wazima.

Sekunde kumi

Katika haya yote, kama mtasahau mengine, kumbukeni hili. Kabla ya kurekodi jambo lolote ambalo halitarudiwa, rekodi kwanza sekunde kumi za jaribio. Mwambie mtu wa upande wa pili: «Hesabu hadi tano.» Wewe nawe hesabu hadi tano. Simamisha. Fungua faili, vaa ekuteri, sikiliza. Unasikia hesabu zote mbili? Anza. Unasikia yako peke yake? Sauti ya ndani imefungwa. Unasikia yake peke yake? Mikro imefungwa. Usitazame saa inayohesabu kwenye skrini. Hata mimi ilinihesabia saa moja na dakika kumi vizuri sana.

Darasani nawafundisha watoto kusahihisha hesabu yao kabla ya kunikabidhi daftari. Kwa kompyuta ya kuazima, usiku ule, mimi sikusahihisha yangu.

Kuhusu majina ya koko: nimeisikiliza ile video mara nyingi. Mahali pawili nilirudia maneno yake kwa sauti, kwa furaha tu, na kwa hiyo majina mawili tunayajua. Shangazi wa Uvira anakumbuka maana ya manne. Alipokuja Bukavu nilimkalisha nikamrekodi, baada ya kumfanyisha hesabu hadi tano, akanicheka. Yanabaki matatu. Wenye majina hayo wawili wamekufa wakiwa wadogo, na wa tatu ni baba yangu. Nikimwuliza, anasema mama yake hakuwahi kumweleza, alikuwa anangoja aulizwe.

Siku ya posho, baada ya mkutano wetu, nitabaki na kompyuta hadi saa kumi jioni. Mwenye mashini aje nayo, mwenye simu aje nayo, na mwenye fleshi asiisahau. Tutaweka OBS bila kutumia mega, ninayo tayari. Na yule ambaye ana koko aliye hai, hata kama yuko mbali, aje wa kwanza.